Kuku 300 wa mayai, trei zimeshuka kutoka 8 na nusu hadi 6 na nusu. Mahitaji yao ya chakula yanapigiwaje hesabu?

MwlMstaafu

Habari za jioni wafugaji wenzangu. Niko Kibaha, nimestaafu ualimu. Nimefundisha hesabu darasa la sita na la saba miaka thelathini na moja, kwa hiyo msiogope kuniuliza namba, zote zimo kwenye kaunta buku. Aibu yangu ni kwamba namba ninazo, maana yake sinayo.

Kuku ni 300, wale wa kahawia, wana wiki 41. Walipokuwa na wiki 30 nilikuwa naokota trei 8 na nusu kwa siku, nikilisha chakula cha dukani. Bei ilipopanda nikaanza kuchanganya mwenyewe kwa fomula iliyozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp, ile ambayo kila anayeituma anaandika "imejaribiwa", ila hakuna anayesema ilijaribiwa na nani. Kwa kilo 100: pumba za mahindi 45, mahindi ya kuparaza 15, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, chokaa 7, mifupa 2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu, chumvi nusu.

Nawapa kilo 36 kwa siku, nusu asubuhi na nusu saa tisa. Saa kumi na mbili jioni nikienda kufunga banda nawakuta wanaparua vilishio vitupu. Ndani ya wiki sita trei zimekuwa 6 na nusu. Yai limepungua, nimepima mayai 30 kwenye mizani ya jikoni, wastani gramu 57. Wameanza kudonoana migongoni.

Nikaambiwa ni upungufu wa protini. Nikapandisha dagaa kutoka 10 hadi 14, nikatoa kilo 4 za mahindi ili jumla ibaki 100. Trei hazikusogea. Kilichoongezeka ni harufu, ukiingia asubuhi macho yanawasha, na mjukuu wangu amegoma kuokota mayai. Chanjo ya mdondo wamepata, minyoo nimetibu, taa ziko vilevile.

Tafadhali msinitumie fomula nyingine. Nataka kujua kuku anahitaji kiasi gani cha nishati na protini, na mtu anafikaje kwenye hiyo namba.

DogoSingida

Shikamoo mwalimu. Dagaa peke yake hawatoshi. Mimi nasaga soya kavu natia kilo 10, protini inapanda fasta. Halafu huku kwetu mashudu ya alizeti ni bei ya kutupa, weka hata 30.

KinuNambaMbili

Mwalimu shikamoo. Usifanye hilo la Dogo kwanza, nitarudi kwake. Nimechanganya chakula cha mifugo kinuni miaka kumi na moja kabla mgongo haujanistaafisha, na barua kama yako nimesoma nyingi. Nijibu matatu. Unapima kwa mizani au kwa ndoo? Ndoo ya pumba na ndoo ya mahindi hazina uzito mmoja hata kidogo. Pili, pima kuku 20 alfajiri kabla hawajala, mmojammoja, toa wastani. Tatu, chukua dagaa gramu 200, watie kwenye bakuli la maji, wakoroge, waopoe, kisha kausha kilichobaki chini ukipime.

MwlMstaafu

Marahaba. Napima kwa mizani ya saa, naiazima kwa mwenye duka jirani.

Kuku 20: mzito kilo 1.98, mwepesi 1.52, wastani 1.75. Nimewapima ndani ya mfuko wa rambo uliotobolewa kichwa, jirani akadhani nawaiba kuku wangu mwenyewe.

Dagaa: katika gramu 200 nimepata gramu 30 za mchanga. Nimeurudisha mchanga juani, nimeupima mara mbili, ni 30. Yaani kila kilo 10 nanunua kilo moja na nusu ya ufukwe.

KinuNambaMbili

Sasa tunaweza kuongea. Kalamu iko karibu?

Kuku hali asilimia, mwalimu, anakula gramu. Ile "16%" ya protini inayoandikwa kwenye viroba haina maana mpaka ujue anakula gramu ngapi kwa siku. Kwa hiyo tunahesabu kuku mmoja, siku moja.

Naanza na nishati, maana kuku naye huanzia hapo. Hula mpaka nishati imtoshe, au mpaka tumbo ligome, au mpaka kilishio kiishe. Kanuni tuliyobandika juu ya mizani kinuni ilitoka kwenye kitabu cha mahitaji ya kuku cha Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, toleo la 1994:

kilokalori kwa siku = U × (173 − 1.95 × nyuzi joto) + 5.5 × gramu anazoongezeka mwili + 2.07 × gramu za yai

U ni uzito kwa kipeo cha 0.75. Usitishike. Kwenye simu andika 1.75, bonyeza alama ya kipeuo cha pili, unapata 1.323. Bonyeza tena, unapata 1.150. Zidisha hizo mbili: 1.52. Basi.

Kibaha tuseme wastani wa usiku na mchana ni nyuzi 28. 1.95 mara 28 ni 54.6. Itoe kwenye 173, inabaki 118.4. Zidisha kwa 1.52: 180. Hizo kilokalori 180 ni za kuishi tu: kupumua, kutembea, kupigana. Hata asipotaga yai moja, anakudai.

Sasa yai. Unataka kurudi kwenye trei 8 na nusu, yaani mayai 255 kwa kuku 300, asilimia 85. Yai la gramu 60 mara 0.85 ni gramu 51 kwa kila kuku kwa siku. Mara 2.07 ni 105.6. Kuongezeka mwili tuache sifuri kwa leo. Jumla: kilokalori 286.

Hilo ndilo deni. Tuone unalipa nini. Namba zangu za malighafi ni za kukadiria, na pumba hasa hutofautiana kinu kwa kinu, lakini nahesabu kilokalori hivi kwa kilo: mahindi 3,350, pumba 2,300, mashudu ya alizeti yenye maganda 1,700, dagaa 2,700. Ni nishati ambayo mwili wa kuku unaipata kweli, maana maganda ya alizeti jikoni yanawaka vizuri sana ila kuku hayamfai kitu. Chokaa, mifupa na chumvi ni sifuri.

Pumba 45 zinaleta 103,500. Mahindi 15, 50,250. Alizeti 20, 34,000. Dagaa 10, 27,000. Jumla 214,750 kwa kilo 100, yaani 2,148 kwa kilo. Chakula cha kutagia tunakitaka kwenye 2,600 mpaka 2,800. Unawapa gramu 120 kila mmoja, kwa hiyo anapata kilokalori 258. Deni 286, malipo 258.

Sasa igeuze hesabu, hapa ndipo ninapopapenda. Kati ya 258, za kuishi 180 zinachukuliwa kwanza, zinabaki 78. Gawa kwa 2.07: gramu 37.7 za yai. Mayai yako ni ya gramu 57, kwa hiyo ni asilimia 66. Mara kuku 300 ni mayai 198, trei 6 na mayai 18. Wewe uliandika trei 6 na nusu kabla sijashika kalamu.

Kuku wako hawaumwi. Wanalipa kulingana na mshahara. Na kwa miezi hii wamekuwa wakikopa mwilini, maana kuku wa kahawia wa wiki 41 angekuwa anagusa kilo 1.9, wako wana 1.75.

Protini sasa. Yai la gramu 60 lina protini karibu gramu 7, na kuku si mashine nzuri, sehemu kubwa ya protini anayoitia kwenye kazi hiyo inapotea njiani. Ongeza ya mwili na manyoya. Kwa kiwango chako cha kutaga, lenga gramu 17 mpaka 18 kwa siku. Fomula yako kwa karatasi, kilo za protini katika kilo 100 za chakula: pumba 4.5, mahindi 1.3, alizeti 5.0 (nahesabu asilimia 25), dagaa 5.5 (asilimia 55). Jumla 16.3. Toa ule ufukwe wako, dagaa wanashuka hadi 4.7, unabaki na 15.5. Kwa gramu 120 ni gramu 18.6. Inatosha! Protini haikuwa shida tangu mwanzo.

Lakini nishati ikipungua, kuku huchoma protini kama kuni. Ulipotoa mahindi ukaongeza dagaa ulimnyang'anya kuni ukamletea mbao za mvule, akazichoma mvule hivyohivyo. Naitrojeni ya protini iliyochomwa hutoka kwenye kinyesi, bakteria wa kwenye maranda huigeuza amonia, na ndiyo hiyo inayomfukuza mjukuu. Na nishati yako ilishuka tena, kutoka 2,148 hadi 2,122.

Utaniuliza, si niwaongezee tu chakula? Kwa 2,148 angehitaji gramu 133. Pumba na maganda hujaza tumbo haraka, na joto la kwenu halimpi hamu. Kisha ungekuwa unanunua kilo 40 kwa siku badala ya 33 za chakula nitakachokuonyesha hapa chini.

Ulisema hutaki fomula. Hii si fomula, ni jibu la hesabu yako, ukiwa na malighafi nyingine utaandika jingine: mahindi 57, pumba 5, alizeti 8, mashudu ya soya 12, dagaa 7, chokaa 8, mifupa 2, premiksi nusu, chumvi 0.3, methionini 0.1, laisini 0.1 (hizi mbili ni asidi amino, matofali ya protini). Hesabu mwenyewe (soya weka protini 44, nishati 2,300). Mimi napata nishati 2,626 na protini 16.5. Gawa 286 kwa 2.626, ni gramu 109 kwa kuku. Gramu 109 zenye asilimia 16.5 ni gramu 18 za protini. Nishati na protini zimekutana mlango mmoja.

Dagaa wakiwa wa baharini, wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, punguza chumvi yako. Badilisha kidogokidogo kwa siku kumi. Na mahindi yawe makavu yasiyo na ukungu. Bora mahindi machache safi kuliko gunia la bei nafuu lenye sumukuvu, hiyo hakuna hesabu inayoifidia.

Dogo, sasa wewe. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga vimeng'enya vya kusaga protini. Kuku anakula protini nyingi, anaitoa nyuma, na kongosho linavimba kwa kazi. Kaanga mpaka inukie kama karanga, au nunua mashudu yaliyopitia joto kiwandani. Na alizeti 30 za maganda kwa kuku anayetaga ni kumlisha ufagio.

DogoSingida

Nimekuelewa mkuu, ufagio umeniuma. Ila mahindi 57 si ndiyo hasara? Pumba ni rahisi mno.

KinuNambaMbili

Rahisi kwa kilo. Nunua kwa kilokalori. Kilo ya pumba ina 2,300, ya mahindi 3,350. Pumba zikizidi theluthi mbili ya bei ya mahindi, nishati ya pumba ndiyo ghali. Leo asubuhi uliza bei zote mbili sokoni kwenu, kisha urudi utwambie.

MamaWaNjombe

Mwalimu, pole. Naomba kuongeza la huku juu. Mwaka jana nilichukua fomula ya ndugu yangu wa Dar kama ilivyo, nikashangaa kuku wangu wanamaliza chakula haraka mno na pesa ya dagaa inayeyuka. Juni na Julai huku ni makoti mpaka saa nne asubuhi. Huo mstari wa nyuzi joto kwenye kanuni ya mkuu ndio ulionifungua macho, afisa mifugo wetu alinikalisha tukaupiga pamoja kwa nyuzi 15: kuku yuleyule wa kilo 1.75, mayai yaleyale, anataka kilokalori 324. Kila nyuzi moja ikishuka ni kama kilokalori 3 zaidi.

Kwa chakula cha 2,626 hiyo ni gramu 123. Sasa angalieni: gramu 18 za protini ndani ya gramu 123 ni asilimia 14.6 tu. Nilikuwa natia 16.5 kwa bei ya dagaa wanaopanda malori mpaka Njombe, bila sababu. Kwenye baridi nikapunguza dagaa, nikaongeza mahindi ambayo huku tunayo. Mayai hayakuyumba.

Nyie wa Pwani ni kinyume. Machi kukiwa moto sana wanakula kidogo, basi protini ibane ndani ya hicho kidogo.

KinuNambaMbili

Mama umemaliza. Nyongeza kwa wa Pwani: chakula kingi wape alfajiri na jioni, saa nane mchana kuku anahema tu. Na jioni uwatupie maganda ya konokono yaliyovunjwavunjwa, gamba la yai linajengwa usiku na ndipo anapotafuta chokaa.

MfugajiWaNyama

Wakuu, kanuni hiyo ninaweza kuitumia kwa kuku wa nyama?

KinuNambaMbili

Hapana. Huyo hana yai, ana mwili unaoongezeka kila siku, na uzito unaoweka leo kesho si wake. Kitabu hichohicho cha 1994 kinampa protini asilimia 23 wiki tatu za kwanza, 20 mpaka wiki ya sita, 18 baada ya hapo, zote kwa nishati ya 3,200. Ukichanganya kwa mahindi na mashudu bila mafuta hutafika 3,200. Wengi huku wanaishia 3,000, na hapo protini nayo ishuke kwa uwiano uleule, la sivyo unarudi kwenye kuchoma mvule. Fungua mada yako, tusimvurugie mwalimu daftari.

MwlMstaafu

Nimepiga hesabu zote upya usiku, nimepata 2,626 na 16.5, sawa na zako. Swali moja. Ile 5.5 ya kuongezeka mwili tumeiweka sifuri, lakini kuku wangu wanatakiwa kurudisha uzito. Nikitaka waongezeke gramu 2 kwa siku, ni kilokalori 11, kama gramu 4 za chakula. Kwa hiyo wiki za mwanzo niwape 113 badala ya 109?

KinuNambaMbili

Mia kwa mia. Kilo 34 kwa siku, wakirudi kwenye uzito ushuke 33. Na usijaze kilishio zaidi ya nusu, wanachomwaga kwenye maranda hakimo kwenye hesabu.

MwlMstaafu

Nimerudi baada ya wiki tano, naleta ripoti kama nilivyokuwa nawadai wanafunzi.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili trei zikashuka kidogo, nikataka kukata tamaa na kurudi kwenye fomula ya kundi. Nikasoma tena hesabu iliyogeuzwa, nikatulia. Wiki ya tatu trei 7. Jana nimeokota trei 7 na mayai 27, yaani 237, na leo 239. Nane na nusu sijafika, na kwa umri wao sidhani nitafika. Wastani wa yai gramu 60. Nimepima kuku 20 wengine, kilo 1.83. Kudonoana kumepungua, ila walionyonyoka migongo bado wanatia huruma.

Kiroba cha kuchanganya kimekuwa ghali kuliko kile cha pumba, sitadanganya. Lakini nimeongeza safu kwenye kaunta buku: gramu za chakula kwa yai. Zamani kilo 36 kwa mayai 195, gramu 185 kwa yai moja. Jana kilo 33 kwa mayai 237, gramu 139. Safu hiyo ningekuwa nayo toka mwanzo nisingewasumbua.

Harufu imekwisha, mjukuu amerudi kazini, anadai nyongeza.

Dagaa sasa naenda sokoni na glasi yangu kwenye mkoba na chupa ya maji. Mara ya kwanza muuzaji alikasirika. Juzi nilipofika alinisalimia, akasogeza kile kiroba cha mbele, akanyanyua cha nyuma ya meza, akaniambia, "Mwalimu, hao wa mbele si wako."

MamaWaNjombe

Nimecheka mpaka basi! Naomba uniambie hicho kiroba cha nyuma kilitoa mchanga gramu ngapi.

MwlMstaafu

Nne. Katika 200.